Swali la Mfamasia kwa Fundi Saa

Fundi saa alikuwa na jicho moja la kazi na jingine la kutazamia dunia. La kulia ndilo alilobandika lenzi kwa miaka arobaini na minne, mpaka mtaa mzima ukamwita Lenzi, na ndilo lililomsaliti kwanza. Katikati yake palikuwa na ukungu: akimtazama mtu kwa jicho hilo peke yake, huona masikio yote mawili, uso haupo. Daktari wa macho hakumzungusha. Lile limekwenda, halirudi. Kazi iliyobaki ni kulilinda la kushoto, na kwa hilo zilikuwepo tembe za virutubisho, ambazo haziponyi ila huenda zikauchelewesha ugonjwa. Aende duka la dawa, asaidiwe kuchagua.

Alikwenda na mkewe, maana maandishi ya makopo ya tembe yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Mama wa watu hakuhitaji kusaidiwa na mtu. Alikuwa amemlisha mumewe karoti tangu zamani, mbichi na za kuchemsha, basi alipoona kopo lenye picha ya karoti, roho yake ikatulia. Kopo jirani halikuwa na picha. Lilisema luteini na zinki, naye akalirudisha rafuni akinung'unika kwamba hilo jina lenyewe ni la ugonjwa.

Mfamasia, binti mpole mwenye miwani, alilipokea kopo la karoti akaligeuza geuza.

"Baba, uliwahi kuvuta sigara?"

Alieleza kwa nini anauliza. Kopo lile lina beta-karotini nyingi, ile rangi ya karoti, na kwa anayevuta, au aliyewahi kuvuta, imeonekana kuongeza hatari ya saratani ya mapafu. Mtu wa namna hiyo hupewa lile jingine.

Jasho jembamba likamtoka Lenzi. Baba mkwe wake alikuwa mtu wa pumu, na alimtoa binti yake kwa sharti moja tu: sigara asiiguse tena. Lenzi aliapa mbele ya wazee. Akashika kiapo mwaka mzima, halafu katika chumba jirani na karakana yake akahamia fundi viatu aliyeitwa Kisigino.

Enzi zile zilikuwa tamu, asikudanganye mtu. Kila alasiri, kivuli kilipofika ukuta wa nyuma, wawili hao walikaa juu ya makreti na sigara moja, huyu pafu mbili, yule pafu mbili. Kisigino alidai anaijua ndoa ya mtu kwa kukagua viatu vyake: ambaye soli imelika upande wa ndani, huyo anaburutwa nyumbani. Walicheka mpaka mbavu ziume. Kisha Lenzi alijipaka mikononi na mdomoni petroli ya kuoshea saa, akarudi kwa mkewe akiamini amefunika kila kitu. Kisigino alipofariki, Lenzi aliacha sigara wiki ile ile. Kuvuta peke yake kulikuwa moshi mtupu. Mpaka leo, kivuli kikifika ukuta ule, humkumbuka yule bwana.

Mkewe alikuwa kainama, anasoma kopo jingine.

"Sikuwahi," Lenzi akasema.

Mfamasia akaanza kulifunga kopo la karoti kwenye mfuko. Mkewe akauwekea mfuko ule mkono.

"Lirudishe, mwanangu. Huyu kavuta miaka ishirini. Tupe hilo la luteini."

Lenzi alitamani sakafu ipasuke. Nje, barazani pa duka, alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, akauliza kwa sauti ya chini amejua lini.

"Anayeosha saa hunukia petroli vidoleni," mkewe akasema. "Wewe ulinukia petroli mpaka kwenye masharubu."

"Na hukusema?"

Mkewe aliikunja risiti mara mbili, akaitia kwenye pochi.

"Nilikuja kukugombeza. Ule mwaka tuliomzika mtoto. Nilikuletea chakula nikapita kwa nyuma, nikakuta unacheka na Kisigino. Miezi sita nyumbani ulikuwa hujacheka. Nikasema, acha avute. Nikangoja kwenye kona mpaka mkamaliza."

Lenzi alikikumbuka chakula cha mwaka ule. Siku nyingi kililetwa kimepoa, naye alikuwa akilalamika.