Matawi na Mishale

Idara yetu ya isimu ilikuwa na maprofesa wawili wasiosalimiana. Mmoja tulimwita Matawi, kwa kuwa kila sentensi aliichora kama mti uliopinduliwa. Mwenzake, mama mwenye sauti kali, tulimwita Mishale, kwa kuwa yeye aliunganisha maneno kwa mishale, na miti ya mwenzake aliiita kuni.

Mimi niliandika tasnifu ya kulinganisha nadharia zao za sarufi. Nilipima mamia ya sentensi, nikaona kuwa kila aliyoikubali mmoja, mwingine naye aliikubali, na aliyoikataa waliikataa wote. Walichogombania miaka yote ni michoro tu. Siku ya utetezi nikayasema hayo, nikidhani nawapatanisha.

Matawi akavua miwani. "Binti yangu, unasema mimi na huyu mama ni kitu kimoja?"

"Sarufi zenu, Profesa. Matokeo ndiyo yanayosema."

"Matokeo gani?" Mishale akadakia. "Huu ni utovu wa adabu!"

"Umenena, mama! Umenena kabisa," akasema Matawi.

Wakaafikiana papo hapo kwamba nirudie kazi, wakatoka wakifunguliana mlango kama maharusi.

Sikurudia chochote. Nilibadilisha hitimisho tu, nikaandika kwamba nadharia hizo ni mbingu na ardhi. Kila mmoja akajiona yeye ndiye mbingu, wakanipitisha bila swali. Siku ya mahafali nilicheka mpaka kofia ikaanguka, na mama yangu akadhani ni furaha.