Kuku wa Kauri wa Marlcombe

Mke wa mwana alipoingia jumba la Marlcombe, mamlaka yalianza kumtoka Bibi Honoria Thackwell kidogo kidogo: kwanza kiti cha mwenyeji mezani, kisha kauli jikoni. Alichobakiwa nacho ni kuku wa kauri, bakuli la supu lililofinyangwa mithili ya tetea anayeatamia, mgongo wake ndio kifuniko. Chombo cha namna hiyo hakiachiwi watumishi. Bibi wa nyumba hukiosha kwa mikono yake mwenyewe.

Mwanawe, Ambrose, alikwisha kumwonya. Akipatana na mkwewe, atakaa. Asipopatana naye, ipo nyumba ya wajane nyuma ya zizi, yenye ukungu hadi darini.

Siku ya karamu ya mavuno, Drusilla, mkwewe huyo, alinyoosha mkono.

"Ufunguo wa kabati, Mama. Leo pumzika. Kuogesha kuku asiyetaga si kazi ya mtu mzima."

"Chukua, mwanangu. Jogoo umekwisha kumchukua, tetea atanifaa nini?"

Drusilla akacheka. Honoria hakucheka.

Kauri ile haivumilii moto wa ghafla. Kabla ya kila karamu Honoria huilaza katika maji ya uvuguvugu mpaka ipate joto, na wote hudhani anaiosha tu. Neno moja lingetosha. Lilimfika ulimini, akalimeza.

Mpishi alimimina supu ya njegere ikitokota. Kuku aliletwa mezani mzima, akatuliwa mbele ya kasisi, akalia kwa mlio mkavu na kupasuka shingo hadi mkia. Supu ikamchuruzikia kasisi mapajani.

"Mama!" Ambrose alifoka. "Wewe ndiye uliyemwosha Jumapili. Ulimgonga, ukanyamaza?"

"Usimkaripie, mume wangu," Drusilla alisema kwa upole. "Ni mikono tu. Uzee haubishi hodi."

Honoria aliitazama mikono yake. Haikutetemeka hata kidogo. Utetezi aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu: kwamba alijua, akaacha. Baina ya kuonwa mkongwe na kujulikana hasidi, alichagua.

"Nilimgonga kwenye ukingo wa beseni."

"Basi, Mama," Ambrose alisema. "Kesho watakuhamishia vitu vyako nyumba ya wajane."

Ikaletwa supu nyingine katika bakuli la bati. Alipogawiwa yake, Honoria aliketi wima akainywa yote, kwa kuwa hakulelewa kubakiza chakula mbele ya wageni.