Jina la Kukamulia

Pikipiki ya Gidabuday iligoma kuingia gia ya tatu kwenye kilima cha kutokea Gehandu, asubuhi, ikiwa imebeba gunia la mahindi na mama mmoja wa kwenda mashineni. Ilikubali ya kwanza, ikakubali ya pili, kisha kanyagio la gia likawa gumu kama limechomelewa. Gidabuday alikanyaga tena. Injini ilinguruma, mwendo haukuongezeka, na yule mama akaomba kushuka. Alisema atatembea, kwa sababu ana haraka.

Gidabuday aliipeleka kwa fundi Nikolausi, mwenye banda lake kando ya barabara Mogitu. Alifika na gia ya pili, jua limeshakuwa kali.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Gia ya tatu inagoma. Ya nne hata siijui ikoje."

"Umeitoa wapi?"

"Kwa Marko. Mnada uliopita."

"Ya Marko naijua. Mbona ilikuwa inapanda zote?"

Nikolausi hakuwa mtu wa kukimbilia kufungua injini, tofauti na mafundi wengi ambao wakiona bolti mikono inawawasha. Alianza na waya wa klachi. Ulikuwa umelegea kidogo, akaukaza. Alilitikisa kanyagio la gia kuona kama meno yake yamelika, akakuta ni mazima. Akaenda na pikipiki hadi kwenye mti wa njiapanda, akarudi na gia ya pili. Ndipo akaweka beseni chini ya injini na kufungua bolti ya oili.

Yalitoka maziwa. Yalikuwa ya vuguvugu na yalifanya povu ndani ya beseni. Nikolausi alichovya kidole, akanusa, akaonja.

"Hayajachacha," alisema. "Ulimpa Marko nini?"

"Tulibadilishana. Nilimpa ng'ombe."

"Ana ndama?"

"Ndama nimembakiza nyumbani."

"Na ng'ombe alikuwa wa nani?"

Gidabuday aliangalia barabara. Lilipita lori la vitunguu, akaliangalia mpaka likaisha.

Nikolausi alikuwa Mwiraqw wa Mbulu, lakini alikuwa amekaa jirani na Wadatoga, watu wa Gidabuday, vya kutosha, na hakuhitaji jibu. Binti akiolewa, baba yake humpa ng'ombe wa kwenda naye. Ng'ombe huyo ni wake. Mume hunywa maziwa yake na kumchunga pamoja na wengine, lakini hamtoi bila kumwuliza mkewe. Gidabuday hakuuliza. Alimtoa Madoa, ng'ombe wa mkewe Bernadina, akiwa bado ananyonyesha, na Marko akamchinja siku ileile. Kwa hiyo hata kurudishiana hakukuwezekana.

"Pikipiki haina ubovu," Nikolausi alisema, akimimina oili mpya ingawa alijua itageuka kabla ya Gehandu. "Mtafute aliyekuwa anaikamua."

Pikipiki ilipoingia uani, ndama alikatisha uwanja mbio, akaingiza pua chini ya injini na kuipiga vichwa, kama ndama wanavyopiga kiwele ili maziwa yashuke. Tangu mnada alikuwa amekataa maziwa ya ng'ombe wengine wote, na mbavu zake zilikuwa zinahesabika. Bernadina alisimama mlangoni na ungo wake. Aliumia kuliko siku ile Madoa alipoondoka, kwa sababu siku ile angalau alikuwa na hasira ya kumsaidia.

"Mama Glory," Gidabuday alisema, "njoo uiite."

"Niiite nini?"

"Lile jina. Unalolitumia ukikamua."

Watu wote walimwita ng'ombe yule Madoa. Lakini Bernadina alikuwa na jina jingine, la Kidatoga, alilopewa na mama yake pamoja na kamba ya ng'ombe. Alilitamka wakati wa kukamua tu, chini kwa chini, na bila jina hilo Madoa hakumwachia mtu hata tone.

"Ulipompeleka mnadani ulimwita jina gani?"

"Nilimfunga kamba."

Bernadina alirudi ndani. Angebaki huko mpaka kesho kama si ndama, aliyekuwa amechoka kupiga vichwa na sasa amelala ameegemea tairi la nyuma. Alitoka, akachuchumaa, akaweka paji la uso kwenye tangi la mafuta na kulitamka lile jina. Kanyagio lilishuka lenyewe, ya tatu, halafu ya nne. Bolti ya oili ikaanza kudondosha maziwa na ndama akanyonya hadi mkia ukatulia.

Tangu hapo Bernadina alipanda pikipiki kila siku ya kazi. Abiria alikaa katikati, Bernadina nyuma, mshikaki wa kawaida, na kila kilima kilipokaribia aliinama na kuita. Pikipiki ilipanda. Shamba lake la mahindi likaota magugu mpaka kiunoni. Alikwenda kwa wazee wa ukoo, akawaamkia, akaeleza. Wazee walimsikiliza vizuri, bila kumkatisha.

"Sasa inapanda gia?" mmoja aliuliza.

"Inapanda."

"Basi, mama. Si mmeshaelewana?"

Asubuhi moja, wakati Bernadina akiiita pikipiki ili ndama anyonye, Gidabuday alisimama nyuma ya zizi na simu yake, akairekodi sauti yake. Alifunga spika ndogo kwenye usukani. Pikipiki haikuona tofauti. Ilipanda gia zote hadi Masakta ikiitwa na spika, na Bernadina aliambiwa anaweza kubaki nyumbani, kana kwamba amefanyiwa hisani. Abiria walisema wimbo ni mzuri ila ni mfupi. Jina ambalo mama yake alimnong'oneza sikioni likawa linajulikana stendi nzima, na wenye pikipiki wenzake Gidabuday walilitumia kuitana wakati wa chai. Bernadina alipolisikia mara ya kwanza kutoka kwenye mdomo wa mtu asiyemjua, aliona aibu kama aliyekutwa anaoga. Hakuwa na kosa lolote, na aliona aibu hivyohivyo.

Ndama alikua. Alipoacha kunyonya, maziwa ya pikipiki yalikatika na oili ikabaki kuwa oili, ila gia ziliendelea kutaka sauti. Baadaye akawa mtamba, akapandwa, akazaa jike lenye madoa.

Gidabuday alikuwa ameanza kuwaza pikipiki ya pili. Jioni alikuja kuegemea boma la zizi, simu mkononi, huku mkewe akimkamua yule aliyekuwa ndama.

"Huyu amekuwa mzuri," alisema. "Amemshinda mama yake."

Bernadina alisogeza kibuyu chini ya kiwele.

"Unamwitaje?"

"Simwiti."

"Lazima ana jina la kukamulia."

"Hana."

Gidabuday alisubiri. Aliinua simu karibu na boma, akaishikilia hapo mpaka mkono ukamchoka, akaondoka. Muda mfupi baadaye pikipiki iliwaka, na spika ikaita kuelekea kilimani. Ng'ombe aliinua sikio upande wa barabara, akabana kiwele. Midomo ya Bernadina ilicheza. Jina alikuwa nalo, alikuwa amelipata tangu siku ng'ombe huyu, akiwa ndama, alipolala ameegemea tairi, na lilikuwa zuri. Aliuma mdomo na kuendelea kukamua kimya. Maziwa yalitoka machache, hayakufika hata shingo ya kibuyu, na watoto wakanywa hayo.