Ua wa Minyaa

Selestini alipiga panga la kwanza kwenye mnyaa, na Nyanjige akaona utomvu mweupe ukiruka. Hakumwonya. Kila mtoto wa Bariadi anajua kwamba utomvu wa mnyaa huunguza macho, haukatwi upepo ukiwa unakujia usoni. Lakini huyu si ana diploma? Basi diploma imwambie!

Tangu asubuhi alikuwa na wivu. Miaka kumi na mmoja alilea miche ya ushirika. Miti yote ya mijohoro ya barabara ya kiwandani ni kazi ya mkono wake. Halafu ikaja ruksa ya biashara huria, kiwanda cha pamba kikauzwa, na tajiri mpya akajenga nyumba za familia ishirini na nne. Nyanjige alipapima pote nje ya nyumba hizo kwa hatua zake, mtoto mgongoni. Mijohoro ikae magharibi, jua la jioni lisiingie jikoni. Mbele pawe wazi, wanawake waanike michembe yao ya viazi vitamu. Ua wa minyaa uzunguke, ng'ombe wasipite. Nani alimwuliza? Hakuna. Akaletwa kijana huyu wa Mwanza, na ramani yake ya bustani kwenye karatasi.

Na karatasi ilikuwa nzuri! Hapo ndipo palipouma. Mijohoro magharibi, mbele wazi, hata kivuli cha wanaosubiri zamu ya bomba, jambo ambalo yeye hakulifikiria kabisa. Meneja wa kiwanda aliibandika ukutani, akaisifu mbele ya watu. Nafasi ya mtunza bustani ilikuwa moja tu, na kabla wiki haijaisha mmoja wao angeambiwa arudi kwao.

"Mama, vipande vya ua vya urefu huu vinatosha?" Selestini aliuliza kwa adabu. Adabu yenyewe ilimkera.

"Si umeandika kwenye karatasi?"

Selestini akainua panga, akakata tena. Safari hii upepo ulimrushia utomvu; alilitupa panga, akaanguka magoti, mikono usoni. "Mama yangu! Naungua! Sioni!"

"Usisugue! Wee, usisugue!" Nyanjige alimlaza mtoto wake kwenye kanga, akakivuta kichwa cha kijana pajani, akafungua blauzi na kumkamulia maziwa machoni, kama alivyofanyiwa mwenyewe utotoni.

Meneja alikuja mbio. "Hivi hakuna aliyekuonya?"

Nyanjige akajua kazi imekwenda.

"Nilionywa," Selestini alisema, macho kayafumba. "Mama huyu alinionya mara mbili. Mimi ndiye mbishi."

Meneja alimtazama Nyanjige, akatikisa kichwa. "Basi bustani abaki nayo mama. Karatasi peke yake haitoshi huku." Akaondoka kutafuta gari la kwenda hospitali.

Kazi ameipata. Angepiga vigelegele. Badala yake wivu ulimrudia, mbichi kuliko wa asubuhi, maana hata kwa wema kijana alikuwa amemtangulia.

"Kwa nini umesema vile?"

Selestini alikuwa anapapasa hewani, anautafuta mkono wa Nyanjige.

"Jicho la kushoto bado linawasha, mama. Ongeza kidogo."

Nyanjige akainama tena.