Leso ya Zipporah

Nilianguka kutoka juu ya paa nikisikiliza mambo yasiyonihusu. Watu niliwaambia naziba makuti yanayovuja, na mvua yenyewe ilikuwa hata haijanukia.

Jirani yangu hapa Kisumu Ndogo ni nesi Zipporah. Alikuwa uani anaongea na simu, mara akashusha sauti: "Usimwambie mwenyewe." Mimi Kambi nisisogee? Nikasogea. Boriti ikakatika, nikatua kwa makalio juu ya jiwe la kufulia.

Damu haikutoka hata tone. Wakaniingiza ndani, nyumba ikajaa, na ninavyopenda nyumba ikijaa, nikaanza kuhadithia. Akafika mzee Mwaringa, mkandaji wetu, na chupa ya mafuta ya nazi.

"Nyonga imetoka tu. Mshikeni mabega niivute."

"Vuta mzee, hadithi isipoe."

"Asiguswe!" Zipporah aliingia mbio. "Shikamoo mzee, lakini uache huo mguu. Mfupa ukichezeshwa atamwaga damu yote humo ndani, nasi tutadhani amelala."

"Damu gani? Mimi mzima," nikasema, meno yakigongana, jasho la baridi likinitoka. Nikaomba maji, akaninyima.

Akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akaipenyeza chini ya magoti bila kuniinua, akaivuta taratibu hadi makalioni.

"Si kiunoni. Hapa chini, mapaja yanapoanzia." Akakaza fundo, akalisokota kwa mwiko wangu wa ugali, kisha akanifunga magoti pamoja.

Macho yalianza kuingia giza. "Dada," nikanong'ona, "nani hatakiwi kuambiwa?"

"Unakufa na bado unatafuta umbea!"

Hospitalini, daktari alikataza leso isifunguliwe mpaka damu ya kuniongeza ifike. Nyonga ilikuwa imepasuka, na fundo lile ndilo lililoniweka hai njia nzima. Akainama kusoma maandishi ya leso: YA KWANGU YANAKUHUSU NINI?

"Hii ulichagua mwenyewe?" akauliza.

Waliojaa kwangu kusikiliza ndio waliojipanga kunitolea damu, mzee Mwaringa mbele.

Siku ya tano, vyuma vikiwa vimenishika nyonga, Zipporah akaja kunitazama. Nikamuuliza tena.

"Nilikuwa naongea na fundi. Nilimwambia boriti zako zimeoza, apite azikague kana kwamba ni bahati tu. Ndipo nikamwambia, 'Usimwambie mwenyewe, ataona haya.'"

Nilicheka mpaka vyuma vikanikemea. Kufika jioni, wodi nzima ilikuwa inajua.