Maoni Yanapokelewa Hadi Saa Kumi na Moja

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa kliniki, na maandishi yake yalikuwa madogo kuliko yale ya kwenye visanduku vya dawa. Nililisoma mara mbili. Baraza la mji lilikusudia kufunga dirisha la huduma. Kuanzia mwezi ujao miadi, majibu ya vipimo na kadi za dawa vingepatikana kwa simu tu, kupitia programu mpya. Mwananchi mwenye maoni ayatume kwa mtandao. Maoni ya karatasi hayatapokelewa. Mwisho ni Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Mke wangu alikuwa amenishika mkono. "Linasema nini?"

Nikamsomea lote kwa sauti, kama kawaida yangu, hata watu wa kwenye benchi wakageuka.

"Watafunga dirisha," akasema.

Tulirudi nyumbani njia nzima bila yeye kuongeza neno, na mke wangu si mtu wa kumaliza njia nzima kimya.

Mimi nimefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye nguzo za simu. Nilianza kwa kuchimba mashimo, nikaenda shule ya jioni mpaka nikapata cheti, nikastaafu nikiwa fundi mkuu wa laini. Nyumba nyingi za mji huu zilisikia simu ikilia kwa mara ya kwanza kwa kazi ya mikono hii. Wenzangu waliniita Nguzo na jina likaganda. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba naogopa teknolojia. Redioni kuna kipindi cha habari za teknolojia kila Jumanne, na sikikosi. Nimesikia habari za mashine zinazotunga barua, nimesikia habari za siri za wagonjwa kuvuja mtandaoni, na juu ya yote hayo nina maoni. Safari hii nilikuwa na sababu iliyo karibu zaidi. Mke wangu ana presha ya macho, na dirisha lile ndilo mahali pekee mjini anapokwenda peke yake. Siku ile ya tangazo nilimsindikiza kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na njia inateleza, wala hakufurahi.

Niliandika kwa siku tatu. Mwalimu wetu wa shule ya jioni alitufundisha kwamba rasimu hulazwa kwanza ipoe, ndipo unanakili. Zikatoka kurasa tatu. Ya kwanza ilieleza historia ya simu katika mji wetu, ya pili ilibeba hoja, ya tatu hitimisho. Nilimsomea mke wangu huku yeye akichambua maharage kwa vidole, mawe kushoto, maharage kulia.

"Nzuri," akasema nilipomaliza. "Mimi niko wapi humo?"

"Uko ukurasa wa pili. Wazee na wenye ulemavu."

"Aa," akasema, akaendelea na maharage.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilikuwa kwa kinyozi. Simu janja ninayo, alinipa binti yetu anayeishi mbali, na kuitumia naweza. Ila kinyozi ana mtandao wa bure kwa wateja, na kunakili kurasa tatu kwa kidole kimoja si kazi ya kufanya huku unahesabu salio. Nikaketi kwenye kiti cha ukutani, nikavaa miwani.

"Mzee Nguzo, unapinga maendeleo," kinyozi akasema, mashine ikinguruma kwenye kisogo cha mteja. "Mimi juzi nimepata miadi ya daktari nikiwa kitandani, hata uso sijanawa."

"Na asiye na simu?"

"Anunue."

"Na asiyeona?"

"Simu za siku hizi zinasoma zenyewe. Zinaongea kuliko wewe."

Mteja akacheka, kinyozi akamshika kichwa. "Tulia, nitakukata sikio halafu uanze kuniandikia maoni."

"Sijamzuia mtu kupata miadi kitandani," nikasema. "Nasema dirisha libaki. Sisi tulipoleta simu hatukung'oa milango ya watu."

"Hiyo umeiandika?"

"Ukurasa wa pili."

"Basi futa mengine yote, utume hiyo."

Sikufuta. Saa nne na nusu nikabonyeza Tuma. Kigurudumu kikazunguka kidogo, kisha kukatokea maandishi: Asante. Maoni yako yamepokelewa.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye nguzo tulikuwa na sheria moja. Ukishaunga waya unachomeka simu ya kupimia, unauliza, "Unanisikia?" Hushuki mpaka mtu wa upande wa pili akujibu, "Nakusikia." Mlio hautoshi, wala taa haitoshi. Wakati mmoja nikiwa bado mgeni kazini nilishuka kwa kuamini taa, na mkunga wa mtaa ule akakaa siku nne bila simu huku mimi nimeandika kitabuni kwamba kazi imekwisha. Tangu hapo siamini taa. Sasa hii Asante ilitokea kabla hata sijaondoa kidole. Nani angeweza kusoma kurasa tatu kwa muda huo? Ile ilikuwa taa.

Nikarudi nyuma, nikabonyeza tena. Asante. Nikasubiri dakika kumi mtu ajibu. Nikabonyeza tena. Niliinuka, nikasimama mlangoni, nikarudi kukaa, nikabonyeza tena. Nilituma mara tisa, na mara ya tisa nikatanguliza mstari mpya juu: Tafadhali, aliyepokea ajibu.

Jibu lilikuja saa sita kasorobo. Namba yako imesitishwa kwa kutuma maudhui yanayojirudia. Maoni yote yaliyotumwa kwa namba hii yamefutwa.

Nilimpa kinyozi asome, nikidhani miwani imenidanganya. Alizima mashine yake.

"Mzee wangu, umetuma mara ngapi?"

"Tisa."

"Wamekudhani mashine," akasema, na safari hii hakucheka.

Kulikuwa na namba ya kupiga kwa msaada. Nikapiga. Sauti ya mwanamke ikaniambia nibonyeze moja, kisha mbili, kisha nisubiri, kisha ukapigwa muziki. Nilisubiri nikitembea, kutoka kwenye kioo cha kinyozi hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye kioo, dakika arobaini kamili. Mwanamke yule akarudi, akanishukuru kwa uvumilivu wangu, simu ikakatika.

Saa nane nilikuwa kwenye foleni ya kliniki, na zamu yangu ikafika saa tisa na nusu, rasimu mfukoni, shati limenishika mgongoni. Lile dirisha halina fahari yoyote. Ni kioo chenye tundu la kusemea, na chini yake ubao wa kuegemea uliolainishwa na viwiko vya watu. Kuna ngazi tatu za kupanda na benchi upande wa kulia. Ndani hukaa karani, mama wa makamo ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni.

"Shikamoo mzee. Mama yuko wapi leo?"

"Marahaba. Yuko nyumbani. Nimeleta maoni."

Akaziona karatasi, akatikisa kichwa. "Siruhusiwi kupokea. Ningeruhusiwa ningezipokea kwa mikono miwili. Dirisha lenyewe si ndilo mkate wangu?"

Nikamweleza yaliyonipata, mara tisa zote. Alifunika mdomo kwa kadi aliyokuwa ameishika, na nikajifanya sijaona.

"Mama hana namba yake?" akauliza.

"Ana kisimu cha vitufe."

"Kinatosha. Jaza fomu kwenye simu yako, uweke namba yake. Namba ya uthibitisho itaingia kwake. Kila namba mtu mmoja. Na mzee."

"Naam."

"Tuma mara moja tu."

"Nimesikia."

"Na lile jicho anaendelea nalo vipi?"

"Jicho lipi?"

Karani akatazama kadi zake, akaanza kuzipanga, na zilikuwa zimeshapangwa. "Msalimie tu," akasema.

Nilikuwa na haraka, sikulifuata neno lile. Nilinunua kifurushi cha mtandao kibandani, nikapita njia ya mkato ya nyuma ya karakana, nikafika nyumbani saa kumi na dakika kumi na tano. Mke wangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono mapajani.

"Nipe simu yako," nikasema.

"Ya nini?"

Nikamweleza haraka haraka. Zile mara tisa nilizipunguza zikawa "mara kadhaa". Nikamwambia nitatuma kurasa zangu kwa namba yake.

"Hapana," akasema.

"Mama, hii ni saa kumi na dakika ishirini."

"Najua. Namba yangu, maneno yangu. Kaa uandike."

"Utasema nini? Huna hata rasimu."

"Ninayo tangu siku ile ya tangazo. Iko kichwani, hailali."

Nikakaa. Nikafungua fomu, nikaweka namba yake. Akanyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha.

"Andika. Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wanne, na nakuja kwenye dirisha lenu miaka sita. Kuna ngazi tatu, halafu benchi, halafu ubao, halafu tundu. Naijua njia yote kwa miguu. Nikifika nasema jina langu, na karani ananijibu kwa jina langu."

Nikafuta kidogo, nikaweka "ananitambua".

"Usinirekebishe."

"Sijarekebisha."

"Nasikia kidole kinarudi nyuma."

Ni kweli, simu ile hulia tik kila unapogusa herufi. Nikarudisha maneno yake.

"Andika. Mnasema tutumie simu. Mimi simu ya kioo siioni, kwa hiyo ataishika mume wangu. Mume wangu ni mtu mwema, kasoma, anajali. Lakini anasoma kila kitu kwa sauti. Barua anasoma kwa sauti, ujumbe anasoma kwa sauti, tangazo la mlangoni kwenu kalisoma benchi zima likasikia. Mkifunga dirisha, ugonjwa wangu utakuwa unasomwa kwa sauti."

Kidole kilisimama.

"Umeandika?"

"Naandika."

"Mgonjwa anayo haki ya kujua habari zake kabla ya watu wengine, na kuzitoa kwa siku anayoitaka mwenyewe. Andika hivyo. Umeandika? Sasa andika hili. Tangu mwezi wa tatu jicho langu la kushoto halioni kabisa. Karani wa dirisha anajua. Daktari anajua. Mume wangu ndiyo kwanza anasikia sasa hivi."

Nilimtazama. Alikuwa ameelekeza uso mlangoni, macho yote mawili wazi, na hata ungeniapisha nisingeweza kukuambia lipi linaona na lipi halioni. Nikaanza kuhesabu. Mwezi wa tatu tulikwenda kwenye harusi ya mpwa wake, akakaa kushoto kwangu na kuniambia niwe nampa majina ya watu wanaokuja, kwa kuwa amewasahau. Nilimtania kwamba anazeeka. Nikakumbuka na yale maharage.

"Mwezi wa tatu?" nikasema. "Mwezi wa tatu, na leo ni..."

"Andika, baba watoto. Tutagombana saa kumi na moja na dakika moja."

Nikaandika. Mikono iliyounga waya juu ya nguzo kwenye upepo ilikuwa inakosea herufi, na safari hii kila kidole kiliporudi nyuma hakuniuliza.

"Mwisho," akasema. "Programu yenu ni nzuri kwa anayeitaka. Dirisha nalo liacheni kwa tunaolitaka. Basi. Soma nisikie."

Nikasoma. Hayakujaza nusu ukurasa. Hayakuwa na historia ya simu wala hitimisho, na nilipomaliza niliona kwamba sina pa kuongeza hata nukta. Zile kurasa zangu tatu zilikuwa bado mfukoni, zimelowa jasho.

Kisimu chake kikalia. Namba ya uthibitisho, tarakimu sita. Nikaitazama, nikaiingiza.

"Mbona husomi?" akauliza.

"Nimeshasoma."

Akageuza kichwa kidogo kunielekea.

Saa kumi na dakika hamsini na tano nikabonyeza Tuma. Kigurudumu kikazunguka. Asante. Maoni yako yamepokelewa.

"Wamejibu?"

"Taa tu," nikasema.

Kidole changu kilikuwa kimebaki juu ya kioo, upana wa ukucha kutoka kwenye kitufe. Mtandao wa pale kwetu hukatika ovyo. Labda yamefika nusu. Labda yamekwama njiani na hakuna mtu wa kupanda kuyatoa. Kutuma mara mbili si mara tisa.

Alinyoosha mkono. "Lete."

"Nataka tu kuhakikisha..."

"Lete hapa."

Nikampa. Akaipapasa, akaigeuza kifudifudi, akajiinua kidogo kitini, akaiweka chini yake, akaikalia.

"Ikipita saa kumi na moja utapewa," akasema. "Wakitaka kunijibu, niko hapa."

Nikatembea hadi mlangoni. Nje jirani alikuwa anaburuta ndoo kwenye saruji. Nikarudi hadi mezani, nikazitoa zile kurasa, nikazinyoosha, nikazikunja tena. Nikaenda mlangoni.

"Kaa."

"Nakaa."

Sikukaa. Nilikwenda nikasimama upande wake wa kushoto, kimya, hatua moja tu kutoka kwenye kiti. Hakugeuka. Nikanyanyua mkono mbele ya jicho lile, nikaushusha.

"Jicho la kushoto," nikasema.

Alinyanyua kidole kunizuia, akatega sikio kwenye saa ya ukutani, akihesabu.

"Bado dakika tatu," akasema.