Nilivyokuwa Dhamiri ya Bwana Ottmar

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa kuwa dhamiri ya mwanasiasa mmoja wa Ujerumani. Sikuomba kazi hiyo. Mimi ni mke wa fundi baiskeli hapa Masasi, na Ujerumani sijafika hata kwa kupotea njia.

Aliyeniajiri ni Katiba ya jimbo lao. Ilikuwa kitabu chembamba chenye miguu ya kiti, na ilivaa miwani. Ikasema, "Mbunge hafungwi na amri ya mtu yeyote. Anafungwa na dhamiri yake tu."

"Sawa," nikasema.

"Basi leteni kamba."

Ikaletwa kamba nene ya kufungia ng'ombe. Upande mmoja wakamfunga kiunoni Bwana Ottmar Grubenhaus, mtu wa makamo, mnene, mwenye masharubu ya rangi ya pumba. Upande wa pili wakanifunga mimi. Fundo langu alilipiga Bwana Ottmar mwenyewe, maana kwao Niederquell alikuwa zimamoto wa kujitolea.

"Fundo hili, mama, halifunguki," akaniambia kwa fahari. "Tunalijua sisi wa Niederquell peke yetu."

Katiba ikanieleza utaratibu. Bwana Ottmar akitaka kuniuliza jambo, atavuta kamba. Mimi nikivuta mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Akiitupa ahadi yake kubwa, kamba itakatwa na mimi nitapelekwa chini.

"Chini wapi?"

Sijamaliza kuuliza, tupo chini. Ni stoo ya makoti chini ya bunge. Katikati ya makoti wamekaa watu waliokonda, wanacheza karata bila kusemezana. Hizo ni dhamiri zilizokatwa kamba. Bibi mmoja ananisogezea kigoda.

"Karibu, dada. Ukishakaa hapa huamki tena."

Hapo niliogopa kwelikweli. Nyumbani nilikuwa nimeloweka maharage, na mume wangu hata kuyachagua hajui, seuze kuyapika.

Nikauliza hiyo ahadi kubwa ni ipi. Nikajikuta niko barabarani Niederquell, mbele ya nguzo ya taa. Juu ya nguzo limefungwa bango lenye uso wa Bwana Ottmar, ila wa ujanani, na masharubu bado meusi. Chini ya uso pameandikwa: WODI YA WAZAZI YA NIEDERQUELL HAITAFUNGWA.

"Mabango mengine yalishushwa baada ya uchaguzi," likaniambia. "Mimi nitashuka siku ahadi itakapotimia. Shingo inaniuma, lakini ahadi ni deni."

Bwana Ottmar akaanza kupanda vyeo. Kwao mtu hafiki mbali mpaka apite kwenye vyama vya mtaani, kwa hiyo tukaanzia chama cha wafuga sungura. Waliopiga kura ni sungura wenyewe. Mzee wao akamuuliza, "Unatupenda sisi, au unapenda mchuzi wetu?"

Bwana Ottmar akavuta kamba kunitaka ushauri. Nikamnong'oneza aseme kweli.

"Vyote viwili," akasema.

Sungura wakanong'onezana, wakamchagua. Walisema hawajawahi kumsikia mgombea akijibu swali.

Banda la sungura likapanuka, likawa baraza la mji, kisha bunge la jimbo lenye viti vya bluu. Nikaona jambo ambalo halikunipendeza. Kila alipopanda cheo, kamba ilipungua unene. Alipokuwa diwani ikawa kamba ya kuanikia nguo. Alipoingia bungeni ikawa kamba ya kiatu. Mwanzoni aliniuliza hata soksi za kuvaa. Alipokuwa mwenyekiti wa kamati, kamba ilikaa kimya kama simu iliyoisha chaji, na mimi nikawa naburutwa nyuma yake kwenye hafla, nakula keki nisizozitaka.

Wanasema cheo ni dhamana. Kile chake kilikuwa chumba chenye kapeti nene na mlango usiopitisha sauti.

Ndipo ukaletwa muswada wa kuifunga wodi ya wazazi ya Niederquell. Akina mama wakajifungulie mji wa pili, ng'ambo ya mlima. Muswada wenyewe umekaa mezani, umevuka miguu, unakunywa maji ya chupa.

"Ni suala la ufanisi," unaniambia.

Spika anagonga kengele. Mikono iliyonyooshwa haihesabiki, kwa hiyo kura itapigwa kwa mruko wa kondoo. Kumbe ni desturi yao ya kale: wabunge wote wanatoka ukumbini, kisha wanarudi kupitia milango mitatu, wa Ndiyo, wa Hapana na wa Sijui, nao wanahesabiwa mlangoni. Wakatoka watu, na huko nje wote wakawa kondoo. Bwana Ottmar aliota sufu nzito nyeupe, masharubu yakabaki palepale. Kamba yetu ikawa uzi mmoja uliosokotwa kutoka ubavuni mwake.

Mnadhimu wa chama chake, Bibi Roswitha, peke yake hakugeuka. Alikuwa na filimbi na fimbo.

"Ottmar," anasema, "pita mlango wa Ndiyo. Upande wa pili gari lako la uwaziri limeshawashwa."

Ni kweli linaunguruma, nalisikia. Mlango wa Ndiyo unang'aa na unanukia kahawa. Mlango wa Sijui una sofa, na kondoo kadhaa wameshalala. Mlango wa Hapana umeota kutu.

"Msinisukume kwa nguvu," unasema mlango wa Hapana. "Sijazoea."

Kwenye mlango wa Ndiyo amesimama mhudumu mpole mwenye mkasi. "Nyuzi haziruhusiwi ndani," anasema. Miguuni pake nyuzi zilizokatwa zimejaa kama kwa kinyozi siku ya kuamkia Idi.

Bwana Ottmar akapiga hatua kuelekea kwenye kahawa. Nikavuta uzi mara mbili. Hakugeuka. Nikavuta tena mara mbili, na uzi ukaanza kufumuka.

"Baba Ottmar!" nikapiga kelele. "Nisikilize. Mwanangu Selestini nilimzaa juu ya lori la korosho, mvua inanyesha, hospitali iko mbali, na dereva ananiambia nijikaze tukivuka daraja. Niliona kifo, kilikuwa kimekaa pembeni yangu kwenye gunia. Mlima wenu huo una theluji. Unataka wanawake wa kwenu wakakae na nani kwenye gari?"

Kondoo akasimama. Masharubu yakatetemeka.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "mimi kweli niliahidi?"

Kishindo kikasikika koridoni. Ni lile bango. Limekuja na nguzo yake ya taa, taa bado inawaka, linahema.

"Uliahidi," likasema. "Nitazame usoni."

Wakatazamana, yule wa ujanani na huyu mwenye sufu. Bibi Roswitha anapiga filimbi mpaka mashavu yanakuwa mekundu. Mimi miguu yangu imeanza kuzama sakafuni kuelekea kwenye makoti, na yule bibi wa kigoda ameshanishika kifundo cha mguu.

Uzi ukavutwa. Bwana Ottmar ananiuliza, baada ya miaka yote hiyo.

Nikavuta mara mbili.

Akaruka. Sijawahi kuona kondoo mnene akiruka hivyo. Mlango wa Hapana ulilia bawaba zote, na nyuma yake wakapita kondoo wengine wachache, wakijifanya wamesukumwa. Spika akatangaza kwamba muswada umeanguka. Kweli ulikuwa umeanguka, uko chini ya meza, maji yamemwagika. Kwenye vipaza sauti vya ukutani kikasikika kilio cha mtoto mchanga, na mimi nikalia naye kwa furaha.

Chama hakikumpigia kelele Bwana Ottmar. Kwao orodha ya wagombea ni benchi refu, basi wakasogea tu kidogo kidogo, kwa adabu, mpaka akadondoka mwishoni. Akaangukia barabarani Niederquell, mtu kamili tena, matako kwenye baridi.

Alicheka mpaka machozi. "Mama, kesho sina mkutano! Sina hafla! Sina keki!"

Akaegemeza ngazi kwenye nguzo, iliyokuwa imesharudi mahali pake, akakata kamba za plastiki zilizolifunga bango, akalishusha kwa mikono miwili. Bango likageuza shingo huku na huku, likasema, "Aah."

Akajaribu kunifungua, na fundo likakataa. Alikuwa amesahau linafunguliwaje. Katiba ikapita ikitembea jioni, ikatutuliza. Dhamiri iliyosikilizwa, ikasema, inaruhusiwa kufanyia kazi nyumbani.

"Nenda, mama," Bwana Ottmar akasema. "Kayapike maharage yako."

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa jirani anawika, na mume wangu anakoroma kwa amani. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, nikamshukuru Mungu kwa kitanda changu chenye kelele.

Nilipoinuka kufunga kanga, kitu kikanikwaruza kiunoni. Ni uzi mweupe wa sufu nzito, na hapa kwetu kondoo wana vinyweleo vifupi kama mbuzi. Una fundo ambalo mume wangu, fundi wa miaka mingi, alishindwa kulifungua hata kwa koleo. Uzi unapita chini ya mlango, unakwenda zake.

"Mama Selestini, umeokota wapi kitu hiki?"

"Ni cha kazini," nikamjibu.

Nilikuwa naosha maharage uzi ulipovutwa, polepole, kama mtu anayeona aibu kuuliza. Nadhani wamempigia simu tena wakimtaka agombee.

Nikafuta mikono. Nikavuta mara mbili.

Uzi ukalegea papo hapo. Nikamsikia mtu, mbali sana, akishusha pumzi, nami nikashusha yangu, nikainjika sufuria.